Bwana Shamba Anajibu: Bustani ya Nyumbani kabla ya Masika

Barua nyingi zilizofika tangu Krismasi zinauliza kuhusu mbegu: ni zipi, zinauzwa wapi, zipandwe lini. Katika toleo hili la Februari nimetanguliza zile chache zinazouliza kuhusu udongo, mbolea na maji, kwa kuwa kazi ya bustani ya masika hufanywa sasa, ardhi ikiwa bado kavu, na mvua ikishashika hakuna tena nafasi ya kuifanya vizuri. Naomba pia kila msomaji aangalie barua imetoka wapi kabla ya kufuata jibu lake. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kakamega iko mita 1,500 na ushei, Nakuru imepita mita 1,800, na ushauri unaomfaa mtu wa Lanet unaweza kumharibia kabisa bustani mtu wa Ahero, karibu na Kisumu.

Bwana Shamba, nina kipande kidogo nyuma ya nyumba, chenye udongo mwepesi wa kijivu unaopeperuka wakati wa upepo. Mwaka jana nilimwagilia sukuma wiki asubuhi na jioni, na bado ilikuwa imelegea kila siku kufikia saa nane mchana. Nifanye nini kabla ya mvua?
Mama wa watoto wanne, Lanet, Nakuru

Mama, udongo wako umetokana na majivu ya volkano, kama ulivyo udongo mwingi unaozunguka mlima wa Menengai, na tatizo lake kubwa ni kwamba haushiki maji. Unachomwaga asubuhi hupita kwenye mizizi na kushuka chini kabla mmea haujakifaidi, na kuongeza mitungi ya maji hakutabadilisha hali hiyo. Kinachobadilisha ni mboji au samadi iliyooza, tena kwa wingi ambao huenda ukakushangaza: debe moja kwa kila mita moja ya mraba, na hicho ni kipimo cha mwaka wa kwanza tu.

Ondoa udongo wa juu kwa kina cha futi moja uuweke kando, kisha legeza futi ya pili kwa jembe la meno bila kuupindua udongo wa chini uje juu. Changanya ule wa kwanza na samadi ndipo uurudishe. Samadi iliyoiva huitambui kwa rangi pekee. Shika konzi moja uifinye: ikiwa haina joto, haikuchomi pua kwa harufu ya mkojo, na huoni tena vipande vya nyasi ndani yake, iko tayari. Mbolea ya kuku ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu ikiwa mbichi huunguza mizizi ya miche michanga, na watu wa Lanet wanaofuga kuku huimwaga bustanini moja kwa moja kutoka bandani. Irundike, uilowanishe, uiache kwa wiki sita angalau.

Jambo la pili ni kwamba usiinue matuta. Picha nyingi za bustani nzuri zinaonyesha matuta marefu yaliyoinuliwa, lakini kwenye udongo kama wako tuta la namna hiyo hukauka pande zote. Afadhali kitanda chako kiwe chini kidogo kuliko njia za kupitia, ili mvua iingie na kubaki humo. Funika ardhi kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne hivi, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka kila shina ili sota, wale funza wanaokata miche, wasipate pa kujificha karibu na mche. Kisha mwagilia mara chache zaidi, lakini kwa maji mengi. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili; kikitoka na unyevunyevu, weka mkebe chini uendelee na shughuli nyingine.

Mimi niko upande wa Ahero. Udongo wetu ni mweusi, hupasuka kiangazi na kunata viatuni wakati wa mvua. Kila masika mboga hugeuka manjano na kuoza mizizi. Fundi mmoja amenishauri nichanganye na mchanga.
Baba Otis, Ahero

Ndugu yangu, usinunue mchanga huo. Udongo wa mfinyanzi ukichanganywa na mchanga kidogo unaweza kuwa mgumu kuliko ulivyokuwa, na ili mchanga ulete nafuu ya kweli ungehitaji kiasi ambacho gharama yake ingekushinda. Wewe uko jirani na mashamba ya mpunga, kwa hiyo tafuta maganda ya mpunga vinuni, uyachanganye na samadi iliyooza nusu kwa nusu. Maganda peke yake huoza polepole na huiba naitrojeni ya mimea yanapooza, ndiyo sababu samadi isikosekane.

Kwako matuta ni lazima. Yainue kiasi cha sentimita 30, yawe na upana wa mita moja ili ufikie katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga, na katikati ya matuta uchimbe mifereji inayoelekea mahali maji yanapoweza kwenda. Hapo watu hukosea mno, wakachimba mifereji mizuri inayoishia kwenye ua wa jirani, na mwezi wa Aprili kesi ikafika kwa mzee wa kijiji.

Wakati wa kulima udongo huo ni mfupi. Ukiwa mkavu kabisa jembe linadunda, na ukiwa umelowa unatoa madongoa ambayo yatakauka na kubaki hivyo msimu mzima. Chukua kidogo ukisokote kati ya viganja: kikifanya kamba inayong'aa, subiri siku mbili au tatu zaidi, kikivunjika kwa makombo, lima siku hiyohiyo. Ikinyesha mvua moja ya mapema mwishoni mwa Februari, siku chache zinazofuata huenda zikawa ndizo pekee utakazopata.

Ufuo wetu umejaa gugumaji. Je, linaweza kutumika kama mbolea ya mboga, au litaleta sumu?
Msomaji wa Dunga, Kisumu

Linaweza, ila angalia unalitoa wapi. Gugumaji hufyonza madini mazito kama risasi kutoka majini na kuyalimbikiza hasa kwenye mizizi, kwa hiyo usilichukue karibu na mahali maji taka ya mji au ya viwanda yanapoingia ziwani, na popote utakapolichukua, kata mizizi uiache, ubebe majani na mashina tu. Mbegu zake pia hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi. Usitengeneze rundo lako kando ya mtaro unaorudi ziwani, usije ukawa unalipanda upya kwa mikono yako.

Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Mikokoteni mitano itakupa rundo dogo kuliko ulivyotarajia. Likatekate, ulianike siku tatu au nne hadi linyauke, halafu ulipange kwa tabaka pamoja na mabua makavu ya mahindi, samadi na udongo kidogo, hadi rundo lifike kifuani. Lifunike kwa majani ya migomba. Choma fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati ya rundo na uiache humo, kwa maana ndiyo itakayokueleza kinachoendelea ndani. Ukiichomoa baada ya wiki moja na kuikuta ina joto na unyevu, mboji inaiva. Ikiwa kavu na baridi, ongeza maji. Ikiwa na utelezi na inanuka uvundo, rundo limelowa kupita kiasi, basi lipindue na uongeze mabua. Pindua baada ya wiki tatu, kisha tena baada ya nyingine tatu. Hiyo ni kazi ya miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo mboji utakayoanza leo haitawahi upanzi wa Machi. Kwa Machi nunua samadi iliyoiva, na gugumaji uliweke kwa ajili ya mboga za mwezi wa Mei.

Binti yangu anayeishi Uingereza aliniletea mbegu za vitunguu, figili na dania. Pakiti zinasema zipandwe katika majira ya kuchipua, baada ya baridi ya mwisho ya kugandisha. Kwa hapa Kitale huo ni mwezi gani?
Mzee mstaafu, Kitale

Mzee wangu, mwezi huo kwetu haupo. Kwao ardhi huwa baridi mno Januari na Februari kiasi kwamba mbegu haiwezi kuota, kwa hiyo mkulima hungoja joto lirudi kuanzia Machi. Sisi tunangoja maji. Kitale joto la kuotesha mbegu lipo mwaka mzima, na kinachoamua ni mvua inayoanza kushika mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili.

Kuna tofauti nyingine ambayo pakiti haikuitaja. London hupata mwanga wa mchana wa saa nane hivi mwezi wa Desemba na zaidi ya saa 16 mwezi wa Juni, wakati sisi, ambao mstari wa ikweta unapita hapa karibu Maseno, mchana wetu ni wa saa 12 hivi Januari hadi Desemba. Kitunguu huanza kujaza kichwa mchana unapofikia urefu fulani, na aina za Uingereza huhitaji saa 14 au zaidi. Ukizipanda Kitale zitatoa majani mazuri ya kijani mwezi hadi mwezi bila kufanya kichwa, na utadhani kosa ni la mbolea. Kwa vichwa nunua aina za mchana mfupi zinazouzwa agroveti za hapa, kama Red Creole au Bombay Red, ambazo husiwa kitaluni na kuhamishwa baada ya wiki sita hadi nane. Hizo za binti yako zitumie kwa majani ya kachumbari. Figili na dania hazina shida hiyo.

Mwambie pia, kwa upole, kwamba kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, hata kama ni pakiti ndogo ya zawadi. Magonjwa ya mimea husafiri na mbegu.

Nimejaribu mboga za kienyeji misimu kadhaa. Managu huota vizuri, saga huota chache, mrenda hauoti kabisa. Muuzaji anaapa kwamba mbegu zake ni nzuri.
Mwalimu wa shule ya msingi, Kakamega

Huenda muuzaji anasema kweli. Mbegu ya mrenda ina ganda gumu lisilopitisha maji, na ikitupwa udongoni hivihivi inaweza kukaa muda mrefu bila kuota. Ifunge kwenye kitambaa chepesi, uitumbukize katika maji yanayochemka kwa muda wa sekunde kumi hivi, uitoe na kuizamisha mara moja katika maji baridi. Ianike kivulini ikauke juujuu, uichanganye na mchanga mkavu kwa kuwa ni ndogo mno, ndipo uisie kwenye mistari. Ukizidisha muda wa maji moto utakuwa umeipika, kwa hiyo hesabu kwa saa, usikisie.

Saga ina kisa kingine. Mbegu yake iliyovunwa karibuni hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, na hii ni mojawapo ya mboga chache ambazo mbegu ya msimu uliopita ni bora kuliko mbegu mpya. Uliyovuna Desemba usiitegemee Machi. Isie pale itakapokulia, kwa kina kisichozidi unene wa kidole, kwa kuwa haipendi kuhamishwa, na kitanda kisituamishe maji. Ikifika kimo cha kiganja, punguza ile iliyosongamana; hiyo unayoing'oa ndiyo mboga yako ya kwanza, na ikilala usiku mmoja kwenye maziwa, kama wanavyofanya majirani zenu wa Nyanza, hata watoto wanaolalamikia uchungu wataila.

Kuhusu managu, kwa kuwa yanakubali kwako, nina mambo matatu tu. Yenye majani mapana na matunda ya zambarau iliyokolea hutoa mavuno mengi kuliko yale yenye majani madogo na matunda ya rangi ya machungwa, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba yale madogo ndiyo managu yenyewe, na ulimi wangu unakubaliana nao. Chuma kwa kukata shina la juu, kiasi cha sentimita 15 kutoka ardhini, ili machipukizi ya pembeni yatoke, na uondoe maua kila yanapojitokeza, maana mmea ukishaanza kuzaa hupunguza majani. La tatu ni kwamba managu ni jamaa ya nyanya, viazi na biringanya. Kama kitanda hicho kilikuwa na nyanya zilizonyauka ghafla zikiwa bado za kijani, usipande managu hapo masika haya. Weka kunde au saga.

Majirani humwaga majivu yote ya jikoni bustanini. Sukuma wiki yangu imedumaa, na majani yana rangi ya zambarau. Niwaige?
Dada wa Mbale, Vihiga

Waige kwa kiasi. Udongo wa Vihiga na sehemu kubwa ya Kakamega una asidi nyingi kwa sababu mvua kubwa ya miaka mingi imeosha chokaa yake, na katika asidi hiyo fosforasi hunaswa na madini ya chuma na alumini, mizizi ikakosa kuipata. Zambarau kwenye majani makukuu ni dalili ya njaa hiyo. Majivu ya kuni hupunguza asidi. Konzi mbili kwa mita ya mraba zinatosha kwa msimu, zichanganywe na udongo, zisirushwe juu ya majani, na zisikutanishwe na samadi mbichi kwa kuwa naitrojeni yake itapotea hewani. Majivu ya mahali palipochomwa plastiki hayafai hata kidogo. Kama bustani ni kubwa, tafuta chokaa ya kilimo, ile inayosagwa Koru, uitie wiki tatu au nne kabla ya kupanda, baada ya kupima udongo. Afisa wa kilimo wa wadi yako atakuelekeza pa kupeleka sampuli.

Wasomaji wa Nakuru wasiige jambo hili. Udongo wa karibu na Ziwa Nakuru tayari una magadi, na majivu yatauzidishia.

Ninakodi chumba orofa ya pili Kondele. Je, naweza kulima kwenye magunia barazani?
Kijana mpangaji, Kisumu

Gunia la kilo 90 likijazwa udongo na kumwagiliwa huwa na uzito unaozidi kilo mia moja. Moja pembeni mwa ua, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ni sawa. Matatu kwenye baraza la orofa ya pili ni hatari. Huko juu tumia ndoo kuukuu zilizotobolewa chini.

Kwa lile la uani, chukua mkebe wa mafuta wa kilo mbili uliotolewa tako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na samadi, sehemu mbili kwa moja. Vuta mkebe juu kidogokidogo kadiri udongo unavyopanda, hadi ubaki na nguzo ya mawe kuanzia chini mpaka juu. Maji humwagwa kwenye mawe, na hivyo hata miche ya chini hupata sehemu yake. Ngoja siku tatu udongo ushuke, ndipo utoboe pembeni kwa mpangilio wa kupishana. Gunia lipate jua kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Lile lililobeba mbolea za dukani au dawa usilitumie.

Je, maji ya mtaro unaopita nyuma ya nyumba yanafaa kumwagilia mboga?
Bila jina, Nyalenda

Hapana. Dania na vitunguu huliwa vibichi, na mtaro huo hubeba kinyesi, mayai ya minyoo na wakati mwingine kipindupindu. Weka pipa chini ya paa la mabati sasa, kabla mvua haijaanza.

Ningependa bustani ya viungo vya jikoni: rosemari, mnanaa, mchaichai, rehani na dania. Nianzie wapi?
Mama wa nyumbani, Njoro

Anza na vile visivyohitaji mbegu. Rosemari hupandwa kwa vijiti vya sentimita 10 hadi 15 vilivyokatwa kwenye tawi lisilo na maua. Toa majani ya nusu ya chini, uchomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na udongo kivulini, na usubiri mwezi mmoja au miwili bila kuking'oa kila wiki kutazama kama kina mizizi. Baadaye kipe mahali pakavu, penye kokoto. Mchaichai omba kwa jirani: vunja shina moja kutoka kwenye kichaka chake, kata majani yabaki urefu wa kiganja, upande ukingoni mwa bustani, ambapo pia utashika udongo usisombwe na mvua. Mnanaa hutambaa chini kwa chini na kuvamia kila kitu, kwa hiyo uwe na chombo chake peke yake. Rehani, kusema kweli, haitakufurahisha kwa baridi ya Njoro. Kama una nafasi kwenye dirisha linalopata jua, iweke hapo kwa mkebe, la sivyo waachie watu wa Kisumu.

Dania ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote kwamba haioti. Ile chembe ya mviringo ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ipitishie chupa juu yake taratibu mpaka igawanyike, uiloweke usiku kucha, uisie moja kwa moja mahali pake kwa kina cha sentimita moja. Kwako inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kuchomoza. Usisie kitanda kizima kwa siku moja, kwa sababu yote itakomaa pamoja na kutoa maua pamoja. Sia mstari wa urefu wa mkono kila baada ya wiki mbili au tatu. Mstari utakaokuponyoka ukachanua, acha mashina mawili au matatu yasimame. Nzi wa maua huja kula chavua, hutaga mayai karibu na vidukari, na funza wake huwala hao vidukari kwenye sukuma wiki iliyo jirani, jambo ambalo ungelipia dawa agroveti kulifanya.